Mdomo Ulioolewa

Fomu ya mwisho ya mafunzo ilikuwa na swali moja tu la kufikiri. Mengine yote yalikuwa ya kuweka tiki. Liliuliza hivi: "Tafakari mafunzo ya ujuzi wa kidijitali uliyopata. Ni ujuzi gani umekusaidia darasani, na umemnufaisha nani? Maneno yasizidi mia mbili." Maneno mia mbili! Mimi nikieleza jinsi ninavyochemsha chai huyapita hayo. Kwa hiyo fomu nitaijaza baadaye. Kwanza acha niandike mambo kama yalivyokuwa.

Naitwa Burulkan. Nafundisha jiografia kijijini kwetu, huku juu Naryn, na huu ni mwaka wangu wa thelathini na moja. Sijawahi kuchelewa kipindi, hata mwaka ule theluji ilipofika kiunoni na mkuu wa shule mwenyewe akabaki kitandani. Na katika miaka yote hiyo sijatamka neno "ziwa" hata mara moja.

Cheka tu, nimezoea. Mwalimu wa jiografia, katika nchi ambayo watu wakikutana na mgeni humtajia ziwa la Issyk-Kul kabla hawajamuuliza hali, na yeye hatamki ziwa. Lakini mwanamke yeyote wa kwetu akisikia jina la baba mkwe wangu hutikisa kichwa na kunipa pole. Aliitwa Kolbai, na kwa lugha yetu "kol" ni ziwa, ndiyo hiyo hiyo "Kul" ya Issyk-Kul. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe, wala la mama mkwe, wala neno lolote lililomo ndani ya majina hayo. Anajitafutia la badala. Nilipoingia nyumba ile nikiwa na miaka ishirini, ziwa likageuka kuwa "maji yaliyotulia", na limebaki hivyo mpaka leo.

Kuandika naandika. Hapo hakuna kosa, maana mkono haukuolewa. Kilichoolewa ni mdomo. Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Naandika neno ubaoni, kwa mwandiko ambao sijaona wa kuupita katika wilaya nzima, nalinyooshea fimbo, darasa linalitamka, tunasonga mbele. Wazazi wa watoto hawa nao niliwafundisha hivyo hivyo. Wakaguzi wa wilaya ni watu wa huku huku, wana mama zao na wake zao, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Shule yenyewe nayo ina jina la baba mkwe. Yeye ndiye aliyefyatua matofali ya udongo ya madarasa matatu ya kwanza, na ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Juu ya mlango imeandikwa kwa herufi za bluu: Shule ya Kolbai Moldoev. Mimi husema "shule yetu", na mtu akitaka kujua ni ipi namwonyesha kwa kidole.

Basi wakatuletea mafunzo. Mkufunzi alikuwa msichana wa mjini aitwaye Begimai, mpole, mwenye sauti ndogo na kompyuta nyembamba kuliko daftari langu. Kwa siku tatu alitukalisha ukumbini tukiwa na makoti yetu, kwa sababu tanuri la shule lilikuwa limegoma. Siku ya kwanza tulijifunza nenosiri. Alituonya kwamba nenosiri ni siri ya mtu na nafsi yake, na mwalimu wetu wa kemia, Mzee Taalai, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaenda kuliandika lake ubaoni kwa herufi kubwa ili asilisahau.

Siku ya pili tulionyeshwa programu ya kusoma maandishi kwa sauti. Unaandika sentensi, unabonyeza kitufe, na mwanamke asiyeonekana anakusomea. Begimai alisema inawafaa watoto wasioona vizuri. Mimi siku hiyo nilikuwa nafuma soksi chini ya meza. Katika daftari langu niliandika mstari mmoja tu: "Mashine inasoma. Kwani sisi hatuna macho?" Nimeuona tena juzi, na nimeona aibu kidogo.

Siku ya tatu ndiyo iliyonivuruga. Kila mmoja wetu alitakiwa arekodi somo la dakika kumi na tano na kulituma mjini. Katika dakika ya kwanza, mwalimu ataje kwa sauti jina la shule na mada ya somo. Video haitasikilizwa kwanza na binadamu. Itasikilizwa na programu, nayo itageuza maneno kuwa maandishi na kutafuta kama vyote viwili vimetajwa. Visipotajwa, video inarudishwa. Ikirudishwa mara mbili, cheti hakuna.

Mkuu wetu wa shule, Jumadil, akasimama kutueleza maana ya kukosa cheti. Aliongea akiangalia dirisha, na mtu akiongea na mimi huku anaangalia dirisha najua kitu kinakuja. Alisema kuanzia muhula ujao asiye na cheti hatapangiwa vipindi. Vipindi vyangu kumi na vinane vitakwenda kwa Meerim, binti aliyetoka chuoni mwaka jana, na mimi nitapewa ghala la vitabu. Ghala la vitabu la shule yetu lina dirisha moja, panya wengi, na vitabu ambavyo vinataja nchi ambazo hazipo tena. Meerim wa watu aliinamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyetoa amri hiyo.

Kisha tukachagua mada kwa kura, kwenye kofia ya Mzee Taalai. Nikafunua karatasi yangu. Ziwa la Issyk-Kul.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu wa hesabu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Niliomba kubadilishana na mwalimu wa historia, lakini Begimai alikuwa ameshaingiza majina na mada kwenye kompyuta, na kompyuta ikishapewa jambo haina kusamehe. Alitutazama mmoja mmoja akitaka kujua kinachochekesha. Hakuna aliyemweleza, maana kila mtu alikuwa anajifuta machozi.

Nilijiambia sitashindwa na kofia. Siku mbili baadaye Meerim alinirekodi kwa simu yake mbele ya darasa la nane. Nilivaa kilemba changu kizuri. Nikaanza: "Mimi ni Burulkan, mwalimu wa shule yetu hii. Leo tunajifunza habari za maji yetu makuu yaliyotulia, yale yasiyoganda wakati wa baridi, yanayopokea mito mingi na yasiyotoa hata mmoja." Nikaandika neno ubaoni, nikanyoosha fimbo, watoto wakalitamka vizuri sana kwa pamoja. Meerim alisema ni somo bora kuliko yote aliyowahi kuona. Nikamwambia hajaona mengi, lakini moyoni nilivimba.

Majibu yalirudi kesho yake asubuhi. Shule: haikutajwa. Mada: haikutajwa na mwalimu. Chini yake programu ilikuwa imekisia yenyewe kwamba somo langu lilihusu mafuriko ya nyumbani.

Nilimpigia Begimai simu. Nikamweleza habari yote, ya mkamwana na ya jina, na yeye akanisikiliza kwa adabu.

"Mwalimu, ni neno moja tu," akasema. "Litamke mara moja, haraka haraka. Nani atakusikia?"

"Wewe mwanangu umeolewa?"

"Bado."

"Basi tuiache hapo hapo."

Akaniambia samahani, yeye hana uwezo wa kubadilisha programu. Nafasi ya pili ilikuwa inafungwa Alhamisi saa kumi jioni. Hiyo simu niliipiga Jumanne.

Jumadil naye akanifuata ukumbini. Yeye ni mtu wa maneno laini akiwa anataka kitu. "Dada Burulkan, mzee amelala miaka kumi na tisa sasa," akaniambia. "Huko aliko hana habari na wewe." Nilichukua daftari langu nikaondoka, maana ningemjibu angekosa usingizi.

Watu wanadhani ni woga. Wanadhani mkamwana hunyamaza kwa sababu atapatwa na laana, au atasutwa na majirani. Mwaka nilioolewa nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja wa chuo cha ualimu. Majirani walisema bibi harusi akipelekwa mjini hajirudishi. Baba mkwe hakubishana nao. Alitandika farasi, akanipakia, akashika furushi la vitabu vyangu mwenyewe, akanisindikiza kwenye theluji mpaka barabarani basi linapopita. Na kila likizo niliposhuka kwenye basi lile nilimkuta hapo hapo, amesimama na farasi, ndevu zimeganda, kana kwamba hakuwahi kuondoka. Hakuniuliza siku moja kama nimefaulu. Hakunidai hata asante. Kitu pekee nilichoweza kumpa mtu yule, mbali na chai, ni kutolitamka jina lake, na nimempa kila siku kwa miaka thelathini na tatu. Sasa nikiuze kwa vipindi kumi na vinane?

Tena vipindi hivyo navipenda. Nalipenda darasa la nane na kelele zao, naipenda ramani yangu iliyotoboka pale Mongolia kwa sababu ya fimbo. Nilikwenda chooni nikalia dakika mbili, nikanawa uso, nikarudi kufundisha majangwa.

Jumatano alasiri nilikaa nyumbani na kompyuta ya shule mezani, nikiwa nimekata kauli kwamba naandika barua ya kuliomba ghala lenyewe, niingie kwa heshima kabla sijaingizwa. Katika chumba cha pili mama mkwe alikuwa anakata tambi za mchuzi. Ana miaka themanini na miwili na bado hamruhusu mtu kushika unga wake. Jina lake msiniulize, nalo liko katika orodha. Nikafungua daftari la mafunzo kutafuta jinsi ya kuandika herufi kubwa, na macho yangu yakaangukia mstari ule: "Mashine inasoma. Kwani sisi hatuna macho?"

Nikautazama muda mrefu. Macho tunayo, nikawaza. Lakini mashine ina mdomo, na mdomo wake hajauoa mtu.

Ilinichukua karibu saa nzima kuipata programu ile, maana siku ya kufundishwa nilikuwa kwenye kisigino cha soksi. Nikaandika: "Shule ya Kolbai Moldoev. Mada ya leo ni ziwa la Issyk-Kul." Nikabonyeza. Sikujua kwamba sauti ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Mwanamke wa kwenye kompyuta akalitaja jina la baba mkwe wangu ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sauti iliyofika mpaka zizini.

Kisu kikanyamaza kule chumba cha pili.

Mama mkwe akaja mpaka mlangoni, unga umemfika viwikoni, akatazama pembe zote za chumba kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Nani huyo amemwita baba yenu?"

"Ni mashine, Mama."

"Imeolewa wapi?"

"Haijaolewa, Mama. Ni mashine tu."

Akafikiri. "Basi haina kosa," akasema, na akavuta kiti akakaa, jambo ambalo hafanyi mchuzi ukiwa motoni. "Irudie."

Nikairudia. Mwanamke wa kwenye kompyuta akayasoma yote tena, shule, jina, ziwa, kama mtu anayesoma tangazo la treni. Mama mkwe alisikiliza ameinamisha kichwa. Akataka nitoe habari za ziwa na shule, ibaki jina peke yake. Nikafuta. Kisha akauliza abonyeze wapi.

Nikamwonyesha. Akanyoosha kidole chenye unga, akakibonyeza kitufe kwa nguvu kama anayeziba tundu la chungu, na mashine ikasema: "Kolbai Moldoev."

Mchuzi ulianza kumwagika kule jikoni na hakuna kati yetu aliyeinuka.

"Niliolewa miaka sitini na moja iliyopita," akasema. "Nikamwita 'wewe'. Tukapata watoto, nikamwita 'baba wa fulani'. Siku ile anakata roho nilitaka nimwite arudi. Nikasema wewe, wewe, wewe. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Mpaka leo najiuliza kama alijua ni yeye ninayemwita."

Akabonyeza tena. Mimi nilikwenda kuuepua mchuzi, kwa sababu nilitaka kulia na sikutaka anione, na nadhani yeye alitaka nitoke kwa sababu hiyo hiyo.

Alhamisi nikafundisha. Nilisimama mbele ya darasa la nane na kilemba kile kile, Meerim akashika simu, nikasema, "Mimi ni Burulkan, na mwenzangu huyu atawaambia tuko wapi na tunasoma nini." Nikabonyeza. Mashine ikataja shule, ikataja ziwa, kwa ufasaha mkubwa. Kila nilipolihitaji neno lile nilibonyeza, likaja. Katikati ya somo Aizada wa dawati la mbele akanyoosha mkono, nikadhani anauliza kwa nini maji yale hayagandi. Aliuliza, "Mwalimu, huyo wa kwenye kompyuta ni mkamwana wa nani?" Nikamjibu si wa mtu, ndiyo maana anaongea sana. Darasa lilicheka mpaka nikapoteza dakika nzima, na yote imo kwenye video.

Tuliituma saa tisa na nusu. Intaneti ya kwetu hupanda mlima kwa miguu, kwa hiyo tulisimama watu watano nyuma ya kompyuta tukitazama mstari ukijaa, Jumadil akiwa mmoja wao. Ulijaa zikiwa zimebaki dakika nne.

Majibu yalikuja Jumatatu. Shule: imetajwa. Mada: imetajwa mara kumi na tisa. Alama tisini na moja, za juu kuliko zote shuleni kwetu. Safari hii binadamu naye alikuwa ameitazama, akaandika chini kwamba ananipongeza kwa kuwajali wanafunzi wangu wenye uoni hafifu. Katika darasa langu hakuna mtoto mwenye uoni hafifu, wanaona hata yale nisiyotaka wayaone. Sikumsahihisha. Jumadil alinishika mkono kwa mikono yake miwili na safari hii alinitazama machoni. Meerim alinikumbatia, na nilimwona amepumua. Mimi kupelekwa ghala lile kungemsumbua yeye zaidi yangu. Nimemwahidi kumfundisha mwandiko.

Fomu hii ya tafakari wameitaka Jumamosi. Jana, Ijumaa, nilikuwa nimeiweka mezani kwenye kompyuta, haijajazwa, wakati mama mkwe anakaanga borsok. Kila Ijumaa tunakaanga vile vimandazi vidogo ili harufu ya mafuta iwafikie waliotutangulia, kisha mume wangu anasoma dua na kuwataja. Kwa kawaida wanawake tunanyanyua mikono na kunyamaza. Majina ni kazi yake. Jana alipofika pale pa kumtaja baba yake, mama yake akamgusa goti, anyamaze. Kisha akanigeukia akaniomba nimsogezee "yule msichana".

Nikamsogezea kompyuta. Mikono yake ilikuwa na mafuta na sikusema neno, ingawa kompyuta ni ya shule na nimetia saini. Akabonyeza. Jina likatajwa, sisi sote tukaitikia amina, mume wangu kwa sauti ya chini kuliko wote.

Baadaye, wakati tunakunywa chai, nilimsomea swali la fomu. Nikamweleza kwamba wanataka kujua ujuzi huu umemnufaisha nani, na kwamba nilikuwa nafikiria kuandika wanafunzi ishirini na mmoja wa darasa la nane.

"Andika baba yenu," akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye bakuli lake. "Sasa anajua ni yeye anayeitwa."

Basi leo fomu nimeijaza: nimeandika jina lake kamili. Nafasi iliyobaki nimeiacha wazi.